Marejeo ni Ngamani

Wapo wasemao kwamba zamani watu walikuwa wakisafiri, na siku hizi watu husafirishwa tu. Aghalabu msemaji ni mtu aliyetoka kukaa saa nane ndani ya ndege, magoti yamemfika kidevuni, na chakula amepewa kimefunikwa kama dawa. Hushusha pumzi, kisha hutaja majina: Mauretania, Olympic, Île de France, Normandie, Queen Mary. Husimulia siku tano za kuvuka Atlantiki, muziki wa jioni, nahodha ameketi mezani na wageni wake, na bahari ikitazamwa kutoka kitini, blanketi limefunika miguu. Msemo huo husikika hata katika mabaraza ya watu wa mwambao, ambao babu zao hawakupata kuliona hilo blanketi, na hupokewa bila ya kuulizwa umetoka kwa nani.

Haki itendeke kwanza. Meli zile zilikuwa nzuri. Normandie, iliyoanza safari mwaka 1935, ilikuwa na ukumbi wa kulia wa daraja la kwanza wenye urefu wa mita 93, kuushinda ule ukumbi wa vioo wa wafalme wa Ufaransa kule Versailles. Ukumbi huo haukuwa na madirisha ya kutazama nje. Ulimulikwa kwa nguzo za kioo cha Lalique, na watu 700 waliweza kula humo kwa wakati mmoja. Mafundi wa mbao, wa kioo, wa chuma na wa mazulia walitia humo kila walichokijua. Meli hiyo iliungua bandarini New York mwezi wa Februari 1942, ikapinduka ubavu kwa uzito wa maji ya kuzimia moto, na mtu atazamaye picha zake leo akasikitika hafanyi kosa. Uzuri haubishiwi. Kinachobishiwa ni kile kitenzi.

Maana Kiswahili kina uangalifu mkubwa hapa. Anayesafiri ni mtenda. Ana nia, ana njia, ana pahali pa kurejea. Anayesafirishwa ametendwa, kama gunia la karafuu. Wasemao msemo ule wanajua vizuri tofauti hiyo, ndiyo sababu wakaichagua. Basi na ipimwe kwa watu waliokuwamo ndani ya meli zenyewe, wote, si wale wa sitaha ya juu peke yao.

Walikuwa nani? Katika mwaka wa hesabu wa 1907 Marekani ilipokea wahamiaji 1,285,349, na walio wengi kabisa waliingia kwa meli, katika daraja la tatu. Wao ndio waliokuwa riziki ya kampuni za meli kabla ya vita vya 1914. Tajiri wa daraja la kwanza alileta sifa na picha magazetini. Mtaliano, Mpolandi, Mwairishi na Myahudi wa Urusi walileta pesa, kwa kuwa walikuwa wengi na walipewa kidogo. Na walichukuliwa vipi? Sheria ya Marekani ya mwaka 1903 ilimtoza mwenye meli dola 100 kwa kila mhamiaji aliyefikishwa na maradhi mabaya ya kuambukiza ambayo daktari angaliweza kuyagundua kabla ya safari. Na aliyekataliwa alirudishwa kwa gharama ya kampuni. Basi kampuni zikawa hodari wa kuwakagua watu kama mnunuzi akaguavyo ng'ombe. Huko Hamburg, kampuni ya HAPAG chini ya Albert Ballin ilijenga mabanda ya wahamiaji yaliyofunguliwa mwaka 1901: watu wakaogeshwa, nguo zao zikatiwa katika mvuke, madaktari wakawapitia mstari kwa mstari. Meli ilipofika New York, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa kwa adabu mle mle melini, wakateremka gatini. Wa daraja la tatu walipakiwa upya katika vyombo vidogo, wakapelekwa kisiwa cha Ellis, kope zao zikapinduliwa kwa vidole au kwa kikulabu cha kufungia vifungo vya viatu, kutafuta trakoma.

Huyo alisafiri?

Na Marekani ilipofunga mlango kwa sheria za mwaka 1921 na 1924, kampuni hazikulia kwa ajili ya watu waliozuiwa. Zilipaka rangi, zikaondoa harufu, zikaweka viti na mazulia kidogo, zikalibatiza lile lile daraja la tatu jina la watalii, na kuliuza kwa walimu na wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kuiona Paris kwa bei nafuu. Hapo ndipo zilipozaliwa nyingi za hadithi tamu za meli zinazosimuliwa hadi leo.

Msemo ule basi ni wa watu wachache, na wachache hao ndio walioshika kalamu. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kuliko picha moja ambayo kila mtu ameiona. Mwezi wa Juni 1907 Alfred Stieglitz, mpigapicha wa New York, alipanda meli ya Kijerumani Kaiser Wilhelm II pamoja na mkewe na binti yake, katika daraja la kwanza. Alichoshwa na watu wa daraja lake, akaenda hadi mwisho wa sitaha yao, akatazama chini. Aliwaona watu wa daraja la tatu wamesongamana: kofia ya majani, shali, watoto, ngazi nyeupe ikikata katikati. Akakimbilia kamera yake, akapiga picha moja. Aliichapisha mwaka 1911, na tangu hapo picha hiyo hutolewa katika vitabu kama sura ya wahamiaji wakiingia Marekani na matumaini yao. Lakini meli ile ilikuwa inatoka New York inakwenda Ulaya. Watu wale walikuwa wanarudi. Huenda wamo waliomaliza kibarua chao, huenda wamo waliokataliwa na wale wa vikulabu. Picha haisemi, na Stieglitz hakuteremka kuuliza. Alivutiwa, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, na maumbo na jinsi yalivyopangana. Ngazi ile nyeupe ilikuwa mbele yake, na ngazi hushukika.

Yupo mmoja aliyeshuka, au tuseme aliyeshuka nusu ya ngazi. Robert Louis Stevenson, ambaye skuli za Afrika Mashariki zilimjua kwa Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson, alitoka Glasgow kwenda New York mwaka 1879 ndani ya meli Devonia. Daraja la chini lilikuwa gini sita. Yeye akalipa gini nane, akapata chumba cha daraja la pili kilichokuwa kimebanwa katikati ya watu wa chini, na meza ya kuandikia. Alikaa nao, akala karibu nao, akasikia kikohozi chao usiku, akaandika kitabu. Kitabu hicho kilifanywa nini? Baba yake na marafiki zake walikiona kuwa ni aibu kwa mtu wa nyumba yake. Mwaka 1880 kikaondolewa kwa mchapishaji, na baba akalipa gharama. Kilitoka mwaka 1895, mwandishi amekwisha kufa, nacho kimekatwa hapa na pale. Kisiwa cha maharamia, ambacho hakipo, kilienea duniani kote. Meli iliyokuwapo, yenye watu waliokuwapo, ilifungiwa sandukuni. Mfasiri yeyote wa Kiswahili anayetafuta kazi ya kufanya na alitafakari hilo.

Hayo yote bado ni ya abiria. Chini ya abiria walikuwako wengine.

Mauretania ilianza safari mwezi wa Novemba 1907, na kuanzia 1909 hadi 1929 hakuna meli iliyoishinda kwa mbio katika kuvuka Atlantiki. Miaka 20. Wapenda meli hulitaja jambo hilo kama watu wa pwani watajavyo ushindi wa ngalawa. Ni vizuri wakataja na mengine. Meli ile na ndugu yake Lusitania zilijengwa kwa mkopo wa serikali ya Uingereza wa pauni milioni 2.6, na kila mwaka kampuni ikapewa pauni 150,000, kwa sharti kwamba zingeweza kutumika vitani. Yaani mvuja jasho wa Leeds aliyelipa kodi alichangia marumaru ya bafu ambalo asingelioga maisha yake. Na mbio zile zilitoka wapi? Meli ilikuwa na boila 25 na matanuri 192, na ilipokwenda kwa nguvu zake zote ilikula karibu tani 1,000 za makaa ya mawe kwa siku. Makaa hayo hayakujitia yenyewe. Watu zaidi ya 300, watia makaa na wabebaji, walishika zamu za saa nne, mara mbili kwa siku. Mbebaji alisukuma makaa kwa toroli kutoka ghalani, katika giza la vumbi, sakafu ikiyumba. Mtia makaa alifungua mlango wa tanuri, akatupa kwa beleshi, akachokonoa moto kwa upondo wa chuma, akafunga, akaenda la pili. Katika Olympic na Titanic kiliwekwa na chombo maalumu kilicholia kengele na kuonyesha namba ya tanuri linalofuata, ili mtu asipate nafasi ya kujiamulia hata hilo. Abiria wa juu alisikia mtetemo mdogo kama paka anayekoroma, akasema: meli hii ina roho.

Ilikuwa na roho, naam, zaidi ya 300.

Mwandishi wa tamthilia Eugene O'Neill aliyaona hayo, naye alipata kuwa baharia. Tamthilia yake The Hairy Ape, iliyoonyeshwa mwaka 1922, inamteremsha binti wa tajiri wa chuma hadi kwenye matanuri kwa kutaka kuona jinsi wenzake wa upande wa pili wanavyoishi. Anamwona mtia makaa mmoja, anazimia kwa hofu. Tangu hapo mtu yule hana amani tena: alidhani yeye ndiye anayeiendesha meli, kumbe machoni mwa mwenye meli yeye ni mnyama. Ni ajabu kwamba katika vitabu vyote vinene vya picha za meli vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi, tamthilia hiyo hutajwa kwa nadra sana, na orodha ya vyakula vya daraja la kwanza hupewa kurasa mbili.

Msomaji wa mwambao anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na bahari yao. Sivyo. Meli za P&O, zilizochukua magavana, majaji na wake zao baina ya London, Bombay na Mashariki ya Mbali, zilikuwa zikiendeshwa na watu wa Bahari ya Hindi. Sitahani walikuwa Wahindi na serahangi wao, mezani Wagoa, na kwenye matanuri Wapunjabi, Wapathani, na watu ambao Waingereza waliwaandika katika daftari zao kwa jina la Masidi. Masidi walikuwa watu wa asili ya Afrika Mashariki. Wamo waliotolewa katika majahazi ya watumwa, au watoto wa hao, wakaandikwa kazi Bombay, Aden, na Unguja penyewe, ambako hata manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwachukua. Neno lenyewe, kwa maelezo yaliyozoeleka, limetokana na sayyidi, yaani bwana wangu. Ni neno hilo hilo lililokuwa cheo cha masultani wa Unguja. Likashuka ngazi zote za meli, likamkalia mtu aliye uchi kiunoni mbele ya moto katika joto la Bahari ya Sham.

Kampuni zilikuwa na hoja yao: ati mtu mweusi na Mhindi hulistahimili joto kuliko Mzungu. Hoja hiyo ilikuwa na faida iliyoonekana, kwani aliyelistahimili joto alilipwa sehemu ndogo tu ya ujira wa baharia wa Kiingereza. Na pahali pa kulala pia. Sheria iliyomhusu baharia wa Kiingereza mwaka 1894 ilimpa futi za ujazo 72. Yule aliyeandikwa kwa mkataba wa Kihindi alipewa 36. Mwaka 1906 sheria ikampandishia Mwingereza zikawa 120. Wale wengine hawakupandishiwa. Futi 36 za ujazo ni kama kabati la nguo. Mtu aliyetupa makaa saa nane kwa siku alirudi kulala katika ujazo wa kabati, juu ya kichwa chake kukiwa na mabibi wanaobishana ni upande upi wa meli wenye kivuli. (Wapenda meli hudai kwamba neno la Kiingereza posh, lenye maana ya kifahari, lilitoka katika tikiti za P&O zilizompa tajiri chumba cha upande wa kivuli wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Wanaotunga kamusi wametafuta tikiti hiyo miaka mingi, na haijapata kuonekana hata moja. Hekaya imetungwa hata ya kivuli.)

Mabaharia wa mwambao wana methali yao: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika jahazi ni kweli tupu. Atembeaye kwenda shetri na kurudi gubetini ana chombo kimoja tu chini yake, na maji yakijaa ngamani, nahodha na mtwana wote watateka. Ufundi mkubwa wa wajenzi wa meli za fahari haukuwa zile nguzo za kioo. Ulikuwa ni kuibatilisha methali hiyo. Walijenga chombo ambacho mtu aliweza kwenda tezi na omo siku sita mfululizo asiione ngama, asiisikie, asijue kuwa ina watu. Vilikuwako vipito maalumu vya watia makaa, ngazi zao, milango yao, hata wasikutane na nguo nyeupe. Leo waandishi wa kumbukumbu wanaendelea kuilinda milango ile, na hawalipwi mshahara.

Ubatilifu huo ulifika kikomo siku ambazo bahari yenyewe ilitaka hesabu. Titanic ilizama tarehe 15 Aprili 1912, ikachukua watu zaidi ya 1,500. Mashua zake 20 za kuokolea ziliweza kuchukua watu 1,178 tu, ilhali waliokuwamo walizidi 2,200. Miongoni mwa watoto wa daraja la kwanza na la pili alikufa mmoja. Wa daraja la tatu walikufa zaidi ya nusu. Wahandisi wote wa mitambo walikufa, baada ya kuziweka taa zikiwaka karibu hadi dakika za mwisho, na mabaharia waliookoka wakakuta kwamba mshahara wao umekatwa tangu saa ile meli ilipozama. Uingereza ikafanya uchunguzi chini ya Lord Mersey. Uchunguzi ulisema kwamba watu wa daraja la tatu hawakuonewa. Abiria walioitwa kutoa ushahidi ni Sir Cosmo Duff Gordon na mkewe, waliookoka katika mashua iliyokuwa na nafasi tele. Wa daraja la tatu hakuitwa hata mmoja. Hata filamu ya James Cameron ya mwaka 1997, ambayo angalau ilishuka hadi huko chini, iliwakuta maskini wanacheza ngoma. Maskini wa filamu siku zote wana furaha kuliko tajiri; ndivyo tajiri anavyopenda kuamini atokapo sinema.

Titanic, hata hivyo, inakumbukwa. Kuna meli nyingine, Tilawa, ya kampuni ya British India. Haikuwa Normandie, lakini nayo ilikuwa na vyumba vya daraja vilivyopambwa juu, na abiria wa sitaha waliokuja na mikeka yao, masufuria yao na watoto wao. Ilitoka Bombay mwezi wa Novemba 1942, yaelekea Mombasa, Lourenço Marques na Durban. Tarehe 23 Novemba nyambizi ya Kijapani iliipiga. Waliokuwamo ni 958; waliokufa ni 280, wengi wao Wahindi wenye jamaa na maduka Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Nani amewatungia shairi? Ilikuwa na shehena pia: vipande 2,364 vya fedha. Fedha hiyo ilitolewa chini ya bahari mwaka 2017, ikagombaniwa mahakamani Uingereza, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa, ikaamuliwa mwaka 2024 kwa upande wa serikali ya Afrika Kusini. Mawakili wa pande mbili walipima kila neno. Maiti 280 hawakuwa na wakili. Jamaa zao walikusanyika Mumbai mwaka 2022 kuwakumbuka, miaka 80 imekwisha kupita.

Mtetezi wa meli atajibu, na jibu lake lina ukweli wake, kwamba daraja la tatu la meli za baada ya 1910 halikuwa jehanamu. Kampuni ya White Star ilikuwa ikioka mkate mpya kila siku kwa ajili ya watu wa chini. Walikuwapo waliolalia shuka safi humo ambao kwao walilalia majani. Wapo waliojivunia maisha yao yote kuwa walivuka kwa Olympic. Ni kweli. Lakini anayesema hivyo anausifu mkate kwa kuufananisha na njaa, na njaa ile ilikuwa ndiyo faida ya mwenye meli. Mgeni hasifiwi kwa kupewa maji ya kunywa.

Ndege, kwa upande wake, haina wa kuipamba. Ni bomba la bati, lina kelele, linavuta hewa kavu, na mtumishi wake anakuuzia karanga. Ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria wa kulipa mwezi wa Oktoba 1958, na katika miaka iliyofuata meli zikaondoka moja moja: Queen Mary iliondolewa mwaka 1967, France mwaka 1974. Wapenda meli hulia kwamba ndege ilileta msongamano. Hasa! Ilileta watu. Muuguzi wa Pemba aliye Toronto aweza kuja kumzika mama yake na kurudi kazini kabla likizo yake haijaisha. Katika zama zile za blanketi magotini, angalipata barua, miezi miwili baadaye, na angalilia peke yake. Anayelilia msafara wa zamani analilia upungufu wa watu ndani yake, ila hapendi kulitamka.

Wala biashara ile haikufa, imebadili nguo. Queen Mary 2, iliyoanza mwaka 2004, ndiyo meli pekee iliyobaki katika safari za kawaida za kuvuka Atlantiki. Tangu mwaka 2011 nyuma yake imeandikwa Hamilton, Bermuda, badala ya Southampton. Meli za anasa zinazotia nanga Unguja na Mombasa msimu wa kaskazi hupeperusha bendera za Bahamas na Panama, kwa sababu bendera hizo haziulizi mengi. Ndani yake wapo Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, kwa mikataba ya miezi mingi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi 2013, unawahakikishia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Mwenye kujua kutoa ajitolee mwenyewe. Makaa hayapo tena, na hilo ni jambo jema lisilo na mjadala. Lakini milango ya vipito vyao ingalipo, na mgeni angali hajui inakoelekea.

Kiswahili kina deni lake katika habari hii. Neno meli lenyewe ni barua: lilitokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa chombo kilichoitwa hivyo kilikuwa kimekodiwa kuchukua barua za serikali, kama zile za British India zilizoanza kufika Unguja kutoka Aden kwa mkataba wa mwaka 1872. Watu wa pwani walikitaja chombo kwa ile shehena aliyoithamini mwenye chombo. Washairi wamelipokea neno, wamelipa vina, wameifananisha meli na mpenzi, na dola, na dunia, na mauti. Nahodha wamemsifu mara elfu. Usukani wana beti zake, tanga wana beti zake, na hata nanga. Lakini mtia makaa aliyetoka Ng'ambo au Malindi, akaandikwa Sidi, akazeeka mapafu mabovu kabla ya miaka 40, hana hata jina lililokubaliwa katika kamusi la kumwitia. Anayetaka kutafsiri tamthilia ya O'Neill kwa Kiswahili atasimama hapo hapo, ukurasa wa kwanza, akiwatafuta wahusika wake.

Queen Mary ingalipo. Imefungwa Long Beach, California, tangu mwishoni mwa mwaka 1967, na vyumba vyake vya daraja la kwanza vimekuwa vya hoteli. Mgeni hulipa, akalala juu ya mbao zile zile za thamani, akaamka akatazama bahari isiyosogea. Wakati wa kuigeuza kuwa hoteli ilibidi wapate nafasi chini. Waliziondoa dohani, na kupitia matundu yake wakazitoa boila zote, wakaziuza chuma chakavu. Dohani za zamani zilikutwa zimeliwa na kutu, zikatengenezwa nyingine mpya zinazofanana nazo, zikasimamishwa juu, zikapakwa rangi nyekundu ya kampuni.